Msafiri Asiyeulizwa

Safari kwa watu wengi ni jambo la hiari. Mtu huchagua siku, huchagua njia, huchagua mzigo, na akipenda huahirisha yote akabaki kwake. Taabu aipatayo njiani ni taabu aliyoikubali mwenyewe. Akinung'unika hulinung'unikia shauri lake. Lakini katika misafara ya wanadamu tangu zamani amekuwako msafiri mwingine ambaye hakuulizwa. Hakuijua siku, hakuichagua njia, wala hajui kama mwendo una mwisho. Punda wa mchukuzi, ngamia wa jangwani, mbwa wa mchungaji na paka wa nyumbani ni wasafiri wa namna hii. Wao hawasafiri, husafirishwa. Swali linalostahili kupimwa ni hili: mtu huwiwa nini na kiumbe aliyemchukua safarini bila ya kumwuliza, na ambaye hata angaliulizwa asingaliweza kujibu?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Dunia ina yatima, ina wagonjwa, ina wasafiri wa miguu miwili wasio na nauli, na mtu aweza kusema kwamba shauri la mnyama lingoje mpaka yao yamekwisha. Lakini swali dogo lina faida moja ambayo maswali makubwa hayana. Katika mambo ya watu kwa watu haki huchanganyika na hofu na tamaa. Amlipaye mfanyakazi yamkini aogopa mahakama. Amstahiye jirani yamkini atumaini kustahiwa. Paka hana mahakama ya kwenda kwa miguu yake, hana ukoo wa kumlipia kisasi, hana ulimi wa kusimanga wala wa kusifu. Amtendeaye haki hutenda haki tupu, isiyo na kitu kingine ndani yake. Kwa hiyo kiumbe mdogo ni mizani mizuri ya kupimia moyo mkubwa.

Wahenga wa dini walilijua jambo hili. Hadithi mashuhuri ya Mtume yasimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Ndani ya masimulizi hayo mafupi mna fikira nzito. Mwanamke yule hakutajwa kuwa alimpiga paka wala kumchoma. Hatia yake ilikuwa na sehemu mbili zilizokutana: alimwondolea paka uwezo wa kujitafutia, kisha hakuijaza nafasi ya uwezo ule aliouondoa. Angalimfungia akamlisha, pasingekuwa na kisa. Angalimwacha huru bila ya kumlisha, paka angalijitafutia. Hatia ilizaliwa pale mlango ulipofungwa na sahani ikabaki tupu.

Katika Biblia nako, Kitabu cha Hesabu chasimulia safari ya Balaamu juu ya punda wake. Mara tatu punda alikataa njia, na mara tatu Balaamu alimpiga, kwa kuwa punda alimwona malaika ambaye mpandaji hakumwona. Kisa hiki husomwa kwa ajili ya muujiza wa punda kusema. Lakini kabla ya muujiza palikuwa na jambo la kila siku. Mnyama alikuwa amekwisha kueleza kwa mwili wake kila alichoweza kueleza, na mtu akauona ujumbe kuwa ni ukaidi. Muujiza haukuhitajiwa na punda. Ulihitajiwa na Balaamu.

Na uchukuliwe mfano ulio karibu zaidi. Mtumishi mmoja wa serikali amehamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Mkewe alitangulia kwa basi pamoja na mtoto mchanga, na vyombo vilikwenda kwa lori. Saa kumi na moja alfajiri mtumishi yule aliondoka kwa motokaa yake kuukuu, naye shemeji yake, ndugu wa mkewe, aliketi kando yake. Nyuma aliketi binti yake wa miaka minane, na karibu na binti liliwekwa tenga dogo la kuchukulia kuku. Ndani ya tenga alikuwamo paka jike wa rangi ya majivu, aliyezaliwa chini ya kabati la jikoni na ambaye hakupata kwenda mbali kuliko ukuta wa jirani. Binti alikuwa ameahidiwa kwamba paka hataachwa. Paka hakuahidiwa kitu.

Njia ile yapita kilomita 800, kutoka joto la pwani mpaka baridi ya nyanda za juu. Mpaka Chalinze paka alilia. Kilio cha paka aliyefungwa si kile cha njaa. Ni kirefu, chatoka chini ya koo, na hujirudia bila ya kuchoka. Binti alipenyeza kidole katika tundu la tenga akamwita kwa jina; paka akanyamaza kidogo, kisha akaanza tena. Walipopita Morogoro, jua likiwa limekwisha kupanda juu ya milima ya Uluguru, shemeji alisema kwamba kichwa chamuuma. Baba alisimamisha motokaa, akatwaa blanketi, akalifunika tenga lote. Giza lilipoingia ndani kilio kilipungua, na kabla ya Mikumi kilikuwa kimekoma. Watu wote watatu walifurahi. Walisema kwamba paka amezoea.

Barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Mabao ya hapo humwonya dereva apunguze mwendo, na humjulisha kwamba agongaye mnyama atalipa faini, kila mnyama kwa kiwango chake: twiga chake, nyati chake, ngiri chake. Binti alisoma kwa sauti, akauliza paka wake angekuwa shilingi ngapi. Wakubwa walicheka. Lakini lilikuwa swali la maana. Wanyama wale wa nje walikuwa na bei mbele ya sheria kwa sababu hawakuwa na mtu. Yule wa ndani hakuwa na bei kwa sababu alikuwa na mtu. Kinga yake yote ilikuwa ni mtu mmoja aliyeshika usukani, na mtu yule kwa saa mbili alikuwa hajamtazama.

Saa saba mchana walifika Ruaha Mbuyuni. Bonde lile ni la joto kali. Mibuyu husimama mitupu juani na wauza vitunguu hupanga mafungu yao mekundu kando ya lami. Binti alikuwa amelala fofofo. Baba alinunua vitunguu, akafungua mlango wa nyuma ili avitie, na katika kupanga mizigo aliliinua blanketi. Paka alikuwa amelala ubavu. Kinywa chake kilikuwa wazi, ulimi nje, mate yamelowesha manyoya ya kidevu, na mbavu zake zilikwenda mbio. Mbwa huhema hivyo kila siku. Paka hahemi hivyo ila katika dhiki. Jasho lake hutoka katika nyayo tu, na blanketi lilikuwa limemzibia upepo, ambao ndio uliokuwa tegemeo lake.

Shemeji alitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mwache hapa. Watu wapo, vyakula vipo, na panya hawakosi. Mtoto akiamka mwambie katoroka."

Maneno haya hayakuwa ya mtu katili. Shemeji alikuwa mtu mwema aliyeona mzigo na mahali pa kuutua. Alijua pia kwamba mbele yao kulikuwa na mlima Kitonga, ambako malori hupanda kwa mwendo wa konokono, na moja likiharibika katika kona huwaweka watu wote kwenye foleni. Kila dakika iliyopotea bondeni ingelipwa gizani. Naye baba hakujibu mara moja. Ilimpitia fikira kwamba kimya alichokifurahia tangu Morogoro hakikuwa mazoea. Kilikuwa ni kuishiwa nguvu. Blanketi hakuliweka kwa ajili ya paka. Aliliweka kwa ajili ya masikio yake.

Hapa safari yaweza kusimama kidogo ili shauri la shemeji lipimwe, maana lina watetezi kati ya wenye hekima. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba mwanadamu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Amtendaye mnyama ukatili hukosa kwa sababu huufanya moyo wake mgumu, na moyo mgumu mwishowe utawaumiza watu. Kwa fundisho hili paka ni kama kipande cha ubao ambacho mwanafunzi wa useremala hujifunzia: kinatunzwa kwa ajili ya meza itakayokuja. Ni fundisho lenye nusu ya ukweli. Watoto hujifunza huruma kwa viumbe vidogo, na baba aliyemtupa paka mbele ya bintiye angalimfundisha jambo ambalo asingeweza kulifuta.

Lakini binti alikuwa amelala. Ndiyo sababu saa ile ya Ruaha Mbuyuni ni ya thamani kwa fikira. Kama paka alihifadhiwa kwa ajili ya mtoto tu, basi usingizi wa mtoto ulikwisha kuuondoa wajibu, na uongo mmoja mdogo ungeufunga mlango. Kama alihifadhiwa kwa ajili ya moyo wa baba tu, basi baba angeweza kusema kwamba moyo wake ni mpole, na kwamba kumwacha paka katikati ya wauza vyakula si ukatili. Hata hivyo kila mtu aliyepata kusimama mahali kama pale huhisi kwamba kuna kitu kimebaki, na kitu kile si cha mtoto wala cha baba. Ni cha paka mwenyewe.

Bentham, Mwingereza, aliandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1789 kwamba lililo muhimu kwa mnyama si kama aweza kufikiri au kusema, bali ni kama aweza kuumia. Neno hili ni kweli, lakini halitoshi. Maumivu yaeleza kwa nini deni lina uzito. Hayaelezi mdeni ni nani. Paka wengi waliumia siku ile kati ya Dar es Salaam na Mbeya, na hakuna mtu ambaye angemdai baba yule maumivu yao yote. Alidaiwa ya mmoja. Sababu ya kudaiwa ni ile ile iliyomo katika kisa cha mwanamke na paka: yeye ndiye aliyefunga kifuniko cha tenga. Paka wa pwani aonapo joto hutafuta sakafu ya saruji au kivuli cha mtungi. Aonapo kiu hujua ndoo iko wapi. Uwezo huo wote alinyang'anywa alfajiri. Anyang'anyaye uwezo hurithi kazi ambayo uwezo ule ulikuwa ukiifanya. Akiuchukua uhuru wa kutafuta kivuli, yeye ndiye sasa awe kivuli.

Kwa kanuni hii shauri la shemeji laonekana kasoro yake. Kumwacha paka pale kulifanana na kumrudishia uhuru, lakini hakukuwa hivyo. Uhuru alionyang'anywa ulikuwa wa mahali anapopajua, ukuta wake na njia zake za kujificha. Kilichotolewa badala yake kilikuwa barabara kuu ya malori na mbwa asiowajua, tena mwili ukiwa umekwisha kuchoka. Mtu akimkopa mwenzake ng'ombe mzima akamrudishia ngozi, hawezi kusema kwamba amelipa.

Atasema mwingine: paka hajui kwamba anadai. Hajui ahadi, hajui Mbeya, hajui kesho. Na asiyejua deni hawezi kudhulumiwa. Hoja hii huanguka mara ikipelekwa mahali pengine. Mtoto mchanga hajui mali aliyoachiwa na marehemu baba yake, wala mgonjwa aliyezimia hajui pete yake imewekwa mfuko gani. Hakuna kabila wala dini iliyosema kwamba mali ya yatima ni halali kwa kuwa yatima hajui kuhesabu. Kinyume chake, kutojua kwa mwenye haki ndiko huifanya haki yake kuwa amana, na amana ni nzito kuliko deni la kawaida. Mdai ajuaye huja mlangoni kukumbusha. Mwenye amana asiyejua amemwachia mtu kazi mbili, ya kulipa na ya kukumbuka.

Atasema mwingine tena: na kuku je? Mabasi mangapi hupita Ruaha Mbuyuni na kuku waliofungwa miguu, vichwa chini, chini ya viti? Wanakwenda kuliwa, na hakuna anayewaandikia insha. Hoja hii ni ya haki, na haifai kukwepwa kwa kusema kwamba paka ana jina. Kanuni haisemi kwamba mnyama asisafirishwe, wala kwamba asichinjwe. Yasema kwamba tangu kamba ifungwe mpaka ifunguliwe au kisu kifike, miguu ile imo katika dhamana ya aliyeifunga. Mwaka 1965 kamati moja iliyoundwa na serikali ya Uingereza chini ya Profesa Brambell ilisema kwamba mnyama wa kufugwa apewe nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Ni kipimo cha unyenyekevu, ambacho hata tenga laweza kukitimiza likiwa na upana wa kutosha. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Lakini sheria haiwezi kupanda kila basi. Kuku aliyefungwa vichwa chini ni shahidi, wala ushahidi wake hauwapi wengine ruhusa ya kumwacha paka. Wawaonya wasafiri kwamba wadeni ni wengi kuliko walivyodhani.

Kwa wanyama wa Mikumi deni ni jingine. Swala anayo miguu yake na pori lake. Mtu hakumnyang'anya kitu ila utulivu. Anachomwia swala ni mwendo wa polepole na macho yaliyo wazi. Deni hukua kadiri uwezo ulioondolewa unavyokua: dogo kwa aliye porini, kubwa kwa aliye zizini, kubwa kabisa kwa aliye ndani ya tenga lililofunikwa.

Mfano wa mwisho wa deni hili haukuwa barabarani. Tarehe 3 Novemba 1957 Umoja wa Kisovyeti ulimrusha angani mbwa jike aitwaye Laika, aliyeokotwa katika mitaa ya Moscow. Chombo chake hakikuwa na njia ya kumrudisha salama, na waliomrusha walilijua jambo hilo kabla ya safari. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba alikufa kwa joto saa chache baada ya kurushwa. Oleg Gazenko, mmoja wa wanasayansi waliomfunza, alisema mwaka 1998 kwamba kadiri miaka ilivyopita alizidi kusikitika, kwa kuwa walichojifunza hakikutosha kuhalalisha kifo kile. Watu hubishana mpaka leo kama elimu ile ilistahili bei ile. Lakini hata mwenye kusema kwamba ilistahili hana budi kukiri kwamba bei ililipwa na mwingine, naye hakuulizwa. Miaka 41 baadaye deni lilikuwa bado hai katika kifua cha mzee mmoja, ingawa mdai alikwisha kuwa majivu.

Baba wa Ruaha Mbuyuni hakuyafikiri haya yote. Alilitoa tenga, akalipeleka chini ya mbuyu, akafungua kifuniko huku mkono wake ukimshika paka shingoni asikimbie. Alilowesha kitambaa, akampangusa nyayo, masikio na tumbo. Akatia maji katika kifuniko cha chupa, akangoja. Paka hakunywa. Baba akalowesha tena, akangoja. Shemeji alinyamaza, kisha akaenda kununua maji mengine. Baada ya muda mrefu kinywa cha paka kilifungika, na baadaye alilamba maji mara tatu. Walikaa pale karibu saa mbili. Kitonga walikuta foleni kama ilivyohofiwa, wakapanda nyuma ya lori la saruji. Kutoka Iringa tenga lilikaa wazi pande zote, na paka alilia tena mpaka Mafinga. Hapana aliyelalamika kwa kichwa. Makambako, baridi ya usiku ilipoingia, blanketi lile lile lilirudishwa juu ya tenga, nusu tu, na safari hii lilikuwa rehema. Walifika Mbeya saa sita usiku.

Paka hakushukuru. Alipofunguliwa alikimbilia chini ya kitanda akakaa huko siku mbili, akitoka usiku tu kula. Wanaomtendea kiumbe haki wakitazamia shukrani watafute kiumbe mwingine. Huyu hana hazina hiyo. Asubuhi binti aliuliza kwa nini blanketi limelowa, na baba angeweza kusema kwamba maji yalimwagika. Alimweleza yote: jua la bondeni, shauri la kumwacha paka, na hata lile la kwanza lililo baya zaidi, kwamba yeye ndiye aliyemfunika kwa sababu hakutaka kumsikia. Binti alinyamaza, akaenda akalala sakafuni kifudifudi, akitazama chini ya kitanda.

Deni kwa msafiri asiyeulizwa, basi, halianzi pale anapolia, wala haliishi pale anaponyamaza. Lianza mkono unapofunga kifuniko, na laisha mkono ule unapokifungua mahali ambapo kiumbe aweza tena kujitafutia kivuli na maji yake. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo ilipo safari nzima, na mwenye usukani hana mwingine wa kumwachia kazi ya kugeuka nyuma na kutazama.